Mguu wa Mbele wa Mwamuzi

Mwamuzi wetu wa mpira alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwamuzi mwingine yeyote. Mchezaji akidaiwa kugusa mpira kwa mkono, na yeye hakuona vizuri, alisimamisha mchezo, akamwita na kumuuliza mbele ya watu wote: "Umenawa, hukunawa?" Ukisema umenawa, anapuliza filimbi. Ukisema hukunawa, mpira unaendelea. Hakuwa na swali la pili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nusu ya vijana wa Kizwite, mtaani kwetu, alitufundisha kusoma. Nani angethubutu kumwongopea? Hata timu za vijijini, zikiona wenyeji wanakiri, nazo zilikiri.

Kabla ya mchezo manahodha wawili tulimfuata, mikono nyuma, tukampa shikamoo ndipo arushe sarafu. Mara nyingi tulicheza bure. Baada ya mavuno, ulezi ukishaingia ghalani, tuligombea mbuzi, na timu iliyoshinda ilimpelekea mwamuzi mguu wa mbele. Nahodha aliubeba mwenyewe begani, mchana, akipita mtaani watu wakimwona. Ilikuwa heshima tu, na mshindwa naye alijua kwamba angeshinda yeye angefanya vivyo hivyo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, jezi za mitumba zikafika Sumbawanga kwa marobota, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na malori ya mahindi akatangaza kwamba bingwa atapewa ng'ombe dume. Sisi tuliokuwa tukikiri tulipogombea mbuzi tulianza kunong'ona mazoezini. Kumbe adabu yetu yote ilikuwa na kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa mbuzi.

Fainali tulicheza na vijana wa Matai. Walikuja na lori zima la mashabiki, siku ya upepo mkali wa kipupwe, vumbi likitupiga machoni. Tuliongoza bao moja. Dakika za mwisho mshambuliaji wao alipiga kichwa, kipa wetu akiwa chini. Mimi nilikuwa mstarini, nahodha, mtu mzima mwenye mke. Niliusukuma ule mpira kwa kiganja. Haukunigonga kwa bahati mbaya. Niliusukuma nikijua, na kipa akaudaka. Naandika hivyo hapa kwa mara ya kwanza.

Watu wa Matai walipiga kelele za penalti. Mwamuzi alikuwa mbali, miguu imeshachoka, na mbele yake palijaa wachezaji na vumbi. Mshika kibendera wa upande ule alikuwa mtu wa kwetu, alitazama chini. Mwalimu akaja taratibu, akihema, akasimama karibu nami.

"Mwanangu, umenawa, hukunawa?"

Nyuma yangu mwenzangu alininong'oneza: "Kausha, mshikaji. Ng'ombe yule."

"Sijanawa, mwalimu."

Aliniangalia kidogo tu. Akawageukia wa Matai. "Kasema hajanawa. Tucheze."

Alipopuliza filimbi ya mwisho walimvamia. Walikuwa wameona kwa macho yao, na kwao jambo lilikuwa wazi: mwamuzi amehongwa. Nilisikia fimbo, nikasikia mtu akisema, "Muueni huyo mla rushwa!" Jiwe lilimpata kwenye jicho la kulia. Mimi na wachezaji wangu tungeweza kumzunguka, tulikuwa wengi. Tulikuwa tumemzunguka ng'ombe. Kamba nilishika mimi.

Tulichinja kesho yake, na hapo tukafanya upumbavu ambao hadi leo unanichoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Desturi ni desturi, tukasema, na mimi nikaweka mguu wa mbele begani nikapita nao mtaani, sokoni, mbele ya watu wa Matai waliolala kwa ndugu zao. Nilidhani nampelekea heshima. Nilikuwa nawapelekea ushahidi.

Nilimkuta amelala, kichwa kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wanasema ulinawa."

Lile lilikuwa swali la pili, la kwanza maishani mwake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Ningesema, hata pale. Niliogopa wenzangu, niliogopa aibu, na damu ya ile nyama ilikuwa inanichuruzikia mgongoni.

"Sikunawa, mwalimu."

"Basi. Mpe mama hiyo nyama."

Kabla jua halijazama mji mzima ulishasema kwamba kalipwa mguu, mchana kweupe. Wakubwa wa mpira wakamwambia apumzike. Jicho halikupona. Waamuzi waliomfuata hawakumuuliza mchezaji kitu. Walipuliza filimbi huku wakitafuta njia ya kukimbilia, nasi tuliwatukana mama zao kila Jumapili baada ya misa.

Aliishi miaka mingi baadaye. Nilipompa shikamoo njiani, aligeuza kichwa chote ili anione kwa jicho zima, akaitikia marahaba, kisha akasimama kidogo kabla ya kuendelea na safari. Nilijua anasubiri nini. Kila mara nilisema nina haraka.

Siku ya mazishi yake niliombwa niseme neno kwa niaba ya wanafunzi wake. Nilisimama kando ya kaburi nikasema alikuwa mwamuzi wa haki, hakula cha mtu. Watu wakaguna, wazee wawili watatu wakatazamana, mmoja akacheka kwa pua. Mjane aliinua uso akanitazama, akingoja niendelee. Neno moja tu lingewanyamazisha wote: nilinawa. Nikasema Mungu amlaze pema, nikarudi kukaa.