Mstari wa Chini Ulikuwa wa Mama

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba fundi wetu wa programu, yule wa mtaa wa Kimisagara hapa Kigali, amefariki. Nikamwambia aliyenipigia aache utani. Jumapili tulikuwa naye, mzima kabisa, akinikumbusha sentensi alizoniomba. Miezi mitatu nyuma alinipa orodha ya ujumbe thelathini wa programu yake, niuandike kwa Kiswahili cha watu, na kila tukikutana nilimwambia kesho. Jamani, mtu anaanguka akivaa viatu aende kazini, basi, hayupo? Mpaka sasa akili yangu inakataa.

Kwa wasiomjua, aliitunza programu inayohifadhi kumbukumbu za vifurushi katika ofisi moja ya mabasi pale kituo cha Nyabugogo. Siku nilipomfahamu nilikuwa nimepeleka mzigo, nikamkuta karani, mama aliyekulia Uganda, analia. Kompyuta ilikuwa imemwandikia: "Kosa 23. Sharti la upekee limekiukwa." Bosi wake kuona "kosa" na "limekiukwa", akampa barua ya pili ya onyo. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. "Mimi nimekiuka nini? Naandika tu namba ya mzigo!" Fundi akavuta kiti, akasoma, akashika kichwa. "Mama, wewe iko sawa. Namba hii imeshapewa mzigo mwingine, basi. Programu ndiyo haijui kuongea na watu." Akaufuta ujumbe ule palepale, akaandika: "Namba hii ina mzigo mwingine. Andika nyingine." Mama akacheka huku machozi hayajakauka, na bosi akaichana barua.

Kesho yake, balaa! Programu za ofisi za mikoani, zilizoandikwa na watu wengine zamani, zilikuwa zikiyatafuta maneno yaleyale ya kale ndipo zitoe namba mpya. Hazikuyaona, zikagoma. Mizigo ikarundikana mpaka mlangoni, na mama akadhani kosa ni lake tena. Mafundi wenzake wakamwambia fundi arudishe maneno ya zamani, karani atazoea. Akakataa katakata. Aliurudisha mstari wa kale bila kugusa hata nukta, kisha chini yake akauweka ule mpya. "Wa juu ni wa mashine, zimeuzoea," aliniambia. "Wa chini ni wa mama."

Hapa Kigali tunapenda vipya, na mara nyingi tunabomoa cha jana kabla ya kuuliza nani bado anakitegemea. Wengine nao wanalinda cha jana hata kama kinawaliza watu. Yeye alibeba yote mawili, na hakuna aliyempigia makofi.

Juzi kwenye kilio, yule mama, ambaye bado ni karani, aliniuliza kama zile sentensi nimeziandika. Nikamwambia bado. Neno la kumtoa mtu machozini halipaswi kusubiri. Nimelijua hilo nimechelewa, na linaniuma. Jana nilikaa nikaziandika zote thelathini. Zilinichukua mchana mmoja.