Divai Niliyoisifia Mbele ya Mzee Karim

Wapenzi wa divai hapa Kahama tuko watatu. Jumapili iliyopita, zamu yangu, nilileta chupa niliyopewa na Mzungu mmoja mtafiti wa dhahabu. Jirani yetu Mzee Karim, mwenye duka la vitambaa, hagusi kileo. Alikuja kupiga soga na glasi yake ya maji.

Kizibo kilitoka kwa vidole tu. Nikasema divai iliyokomaa haina ubishi. Nikanusa, nikafumba macho: “Hii imelala pipani miaka saba.” Wenzangu wakaafiki, mmoja akaanza hata kulewa.

Mke wangu akachungulia. “Baba Kulwa, mbona mnakunywa rozela ya watoto? Chupa yako iko kabatini, haijafunguliwa.”

Mzee Karim akamwaga maji yake, akaninyooshea glasi.

“Basi na mimi nionjeshe.”