Beji Niliyoivaa Kishanda

Mtoto ni mzima, daktari ameshampima, ndiyo maana leo nathubutu kusimulia. Mpwa wangu Koku amewekewa kichwani vali ndogo ya kupunguza maji. Daktari huilegeza au kuibana kwa sumaku iliyo nje ya ngozi, bila kisu. Kwa hiyo sumaku nyingine yoyote isimkaribie.

Nilifika Kishanda Jumapili nikitokea Bukoba, beji ya kazini kifuani. Kijiji kingejuaje kwamba siku hizi mimi ni afisa? Tena ilikuwa beji mpya, ya kisasa, isiyotoboa shati.

Nikajipa ulinzi wa Koku. Redio ya mama nikaifukuzia migombani kwa sababu ya spika yake. Simu ya shemeji ikafuata.

"Kaka, umeshakuwa daktari?" dada akauliza.

Nikamlaza Koku kifuani, nikaendelea kuhutubia kuhusu sumaku huku natafuna punje za kahawa, kama ilivyo desturi ya kwetu. Mama akainama kumfunga nguo. Pini ikamponyoka, ikaruka na kunasa kwenye beji yangu. Akaibandua. Ikarudi.

Akamchukua mtoto taratibu.

"Waitu mwanangu, hiyo beji isiyotoboa shati inashikwa na nini?"

Nikaivua beji, nikatoka nayo nje. Nikaiweka kando ya redio, iliyokuwa bado ikiimba migombani.