Zamu Yetu ya Jumuiya

Juzi, kwenye msiba wa muumini mwenzetu, binti mdogo wa marehemu alinipokea mlangoni akitabasamu, akanipa kitabu cha nyimbo.

Nilikuwa na umri kama wake siku kanisa zima lilipojaa nyumbani kwetu Ng'ambo. Kwaya iliimba ukumbini. Uani, Bi Mwanaidi, jirani yetu Mwislamu, alipika wali wa nazi kwa kuni. Nikadhani zamu yetu ya jumuiya, ile sala ya nyumba kwa nyumba, imefika. Nikagawa vitabu kwa furaha.

"Baba mbona haji?" nilimuuliza Bi Mwanaidi.

Alifuta macho kwa kanga. "Moshi huu, mwanangu."

Hakuna aliyeniambia kuwa wamekuja kumzika. Kila mgeni alinipapasa kichwa tu.

Juzi nilitafuta la kumwambia yule binti. Nikampapasa kichwa.