Diski Zilizogoma Uani Kwangu

Nilipokuwa darasa la tatu nilichomeka kidole kwenye nati ya mashine ya kumenya kahawa, ikagoma kutoka, nikaenda nayo shule. Mwalimu akadhani nimevaa pete, akanichapa. Jioni baba alinishika kiganja akavuta, akavuta tena, kidole kikavimba kama kiazi. Mama akamsogeza pembeni, akapaka sabuni, akaizungusha nati polepole mpaka ikatoka. Shule sikurudi tena, lakini si kwa ajili ya kidole. Ulikuwa msimu wa kahawa, halafu nikaona uvivu. Nasema ukweli tu.

Mashine ile ninayo hadi leo hapa Iyula. Anayeizungusha ni mke wangu, maana mimi bega halitaki. Mfuniko wake hushika kutu kila mwaka, na kila mwaka mke wangu huubandua. Sijawahi kumuuliza anaubanduaje.

Basi, mkwe wangu. Binti yetu alikuwa amerudi nyumbani, miezi miwili sasa, amemkasirikia mumewe. Kosa lenyewe sikuambiwa vizuri. Kila nikiuliza nasikia jambo jingine. Huyo mume ni fundi wa malori kule Mpemba. Asubuhi moja akaja peke yake, bila mshenga, amebeba diski mbili mpya za breki alizonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Alijua pikapu yangu imelala uani tangu Pasaka, diski za mbele zimelika zimekuwa nyembamba kama sahani.

Akasema, "Baba, nikikufungia hizi, naomba niondoke na mwenzangu kwa gari hilihili."

Nikamjibu kwamba magurudumu yakizunguka, amchukue. Binti alikuwa anasikiliza. Akaingia ndani kufunga kanga zake. Kwa hiyo ndoa yao siku ile ilikuwa imening'inia kwenye jeki pamoja na pikapu.

Gurudumu lilitoka, breki zikafunguliwa, diski ikabaki imeng'ang'ania kwa kutu. Akagonga kwa nyundo aliyokuja nayo. Akamwaga dizeli, tukasubiri, tukanywa togwa, akagonga tena. Jua likapanda, akavua shati. Alisema malori hayana ukaidi huu. Mimi nikamtania: "Mkwe, huko Mpemba hizi huwa mnazigonga au mnaziombea?" Alicheka kidogo. Labda hakucheka, sikumbuki vizuri.

Sasa kwetu sisi watu wa zamani, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Husalimiana kwa mbali, uso umegeuzwa pembeni, na neno la huyu humfikia yule kupitia kwa mtu mwingine. Siku hiyo mtu mwingine nilikuwa mimi. Mke wangu alikuwa mlango wa jikoni anachambua maharage, na diski moja mpya imewekwa karibu naye juu ya gunia. Akaniita, akaniambia nimwambie mkwe kwamba diski ina vitundu viwili vidogo vyenye mistari ya kufungia bolti ndani, kama mfuniko wa mashine ya kahawa. Nikamwambia ni vya kupitisha hewa. Sikumfikishia mkwe. Kwa nini sikumfikishia? Nilijiona mwanaume anayejua magari, na hata kuendesha nilijifunzia uzeeni.

Akagonga mpaka mchana. Binti alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na mfuko wake mapajani, anatikisika kila nyundo ikitua.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni. Kanga kichwani, anatembea kiubavu, na mkononi ana bolti mbili za mashine ya kahawa. Kumbe alishazijaribu kwenye diski mpya, zikaingia. Akaziweka chini karibu na mguu wa mkwe. Na akasema naye mwenyewe, mara ya kwanza tangu ndoa ifungwe:

"Baba, zifunge humo. Kidogo huku, kidogo huku."

Mkwe alibaki amechuchumaa, mgongo wazi. Akazifunga kwenye vitundu vya diski ya zamani, spana kidogo huku, kidogo huku, ncha za bolti zikaisukuma kutoka nyuma. Diski ikalia kama chungu kinachopasuka, ikatoka. Ya pili nayo vilevile. Akafunga mpya, akarudisha magurudumu, akashusha jeki.

Alilofanya baada ya hapo nimelifikiria mpaka nachoka. Pengine ni aibu ya kuonwa na mama mkwe bila shati. Pengine ni utani wangu, au alijua ujumbe ulinifikia mimi nikaukalia. Kuna siku nadhani alitaka diski zishindikane. Lakini mtu huyo si ndiye aliyezinunua? Nikimuuliza mke wangu anaendelea kuchambua maharage. Nikimuuliza binti anasema, baba, wewe ulikuwepo.

Ndiyo, nilikuwepo. Alinawa kwa sabuni, akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akaziokota zile bolti mbili, akazifuta, akaziweka kwenye kizingiti cha jikoni, moja kando ya nyingine. Akapita ubavuni mwa pikapu bila kutazama kiti cha mbele. Nikadhani anakwenda kujisaidia. Akaingia kwenye mibuni, nikaona shati linatokea upande wa pili, linashika njia ya barabara kubwa.

Nikaita, "Mkwe, ufunguo uko huku."

Hakugeuka, na hajarudi mpaka leo. Nyundo yake ninayo.