Nilimwita Shomari Mwizi wa Koili

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Kibiti, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia nainamisha uso hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa kijana, fundi niliyeanza kusifiwa, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani.

Kulikuwa na dereva akiitwa Shomari, mtu wa Mbuchi, mkubwa kwangu kwa umri. Aliendesha gari la abiria la tajiri mmoja wa hapa mjini. Gari likaanza kukosa nguvu na kutetemeka. Nikazibadilisha nafasi koili, zile zinazokaa juu ya plagi za injini na kuzipelekea umeme, nikaona tatizo linahama na koili moja. Nikafunga mpya. Haikukaa, ikafa. Nikafunga nyingine, nayo ikafa ingali changa.

Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza. Ijumaa ile, watu wanatoka msikitini, tajiri akanijia juu kwamba namfungia vitu vibovu. Nikahofia jina langu. Nikasema mbele ya kadamnasi, "Mimi nafunga nzima. Muulize dereva wako hizo nzima anaziuza wapi."

Shomari akanigeukia. "Hamisi, mdogo wangu, mimi?" Akamkabidhi tajiri ufunguo, akaondoka na kanzu yake ya msikitini mwilini. Hakuna aliyemtetea, nami, Mungu anisamehe, nikaona nimeshinda.

Gari likapewa dereva mwingine, na koili ikafa tena. Safari hii alikuwepo Mzee Uwesu, aliyenifundisha ufundi. Hakushika spana kwanza. Akaniuliza Alhamisi jioni huwa nafanya nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba magari ya wateja wangu nayaosha bure mpaka injini, kwa mashine ya presha, ili yaamkie Ijumaa yaking'aa. Kila mtu huku huosha gari Alhamisi, unajua. Mimi nilizidisha ili nisifiwe. Mzee akachomoa koili, akaingiza kitambaa kwenye shimo la plagi. Kikatoka kimelowa maji ya kutu.

"Umeziua mwenyewe," akasema. "Kisha ukatafuta mtu wa kumbebesha. Hata haya huna?"

Nilivuka maji hadi kwao Mbuchi kuomba radhi. Nikamkuta Shomari kwenye mpunga, matope magotini, maana hakuna tajiri aliyemwamini na gari tena. Nikamweleza yote huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akanikaribisha chakula. Tulipomaliza kula akasema, "Nimekusamehe, bwana mdogo. Lakini binti yangu alikuwa ameposwa. Wale wakwe walisikia baba yake mwizi, wakajitoa."

Ijumaa iliyofuata nilisimama nje ya msikiti, mahali palepale, nikasema kweli yote, tajiri akisikia. Baadhi walisimama kunisikiliza, wengine walishapanda baiskeli zao wakaenda. Wale wakwe hawakurudi.

Basi mwanangu, koili ikifa kabla ya wakati wake, usikimbilie dukani, wala usimkimbilie mtu. Chungulia kwanza shimo la plagi. Yamo maji? Imevuja oili kutoka juu? Plagi yenyewe je, haijachakaa hata koili ikawa inajitesa bure? Kagua na waya. Koili mpya ukiifunga juu ya kilichoua ya zamani, itakufa vilevile. Na kabla ya yote hayo kumbuka mikono yako mwenyewe ilipita wapi. Ukikosa jibu, mwambie mteja hujui, akuone mjinga kwa siku moja. Mimi niliogopa siku hiyo moja, nikamvunjia mtu nyumba.

Mungu akulinde na ulimi wako, akupe mkono wenye kheri na macho ya kuona kosa lako mapema. Na yule binti wa Shomari, popote alipo, amjaalie furaha niliyomkosesha.