Mrusi Ukutani Mwetu

Karatasi ile ilinuka majani ya chai. Baba, ambaye sisi tulimwita Aabo, aliileta kutoka dukani ikiwa imefungiwa chai, nami nikaipokonya kabla mama hajaitia motoni. Ndani yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya ubao mwembamba, uso umetulia kama mtu anayengoja maji yachemke. Nilikuwa na miaka tisa. Vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, vilikuwa vimetutoa malishoni na kutuleta Garissa, ndani ya kijiji chenye uzio wa miiba, na kutoka ilikuwa lazima upate kibali.

Mwalimu Nzioka, mtu wa Machakos aliyetufundisha chini ya turubai, ndiye aliyenisomea yale maandishi ya Kiingereza. Mwanamke yule alikuwa Mrusi, bingwa wa jimnastiki. Baba yake alikufa vitani yeye angali mdogo, mama yake akapiga deki maofisini ili binti ajifunze kucheza. Alivunjika mguu, madaktari wakamwambia basi, naye akarudi akashinda medali za dhahabu. Sasa alikuwa akifundisha watoto. Pale pa mguu nilimwomba Mwalimu apasome mara tatu.

Nikataka kuwa yeye, bila haya. Ubao sikuwa nao, ila nguzo ya kati ya nyumba yetu ya kuhamahama ilikuwa imelala nje bila kazi, maana ngamia wa kuibeba tulikuwa tumenyang'anywa. Niliiweka juu ya mawe mawili nikaanza kutembea juu yake. Kwetu nyumba ni mali ya mama, yeye huijenga na yeye huibomoa, na nguzo yake haikanyagwi. Mama, ambaye tulimwita Hooyo, aliponiona alinitandika, akairudisha nguzo penye kivuli. Kila alipokwenda kisimani niliitoa tena. Nilikuwa mkaidi, siwezi kukana.

Asubuhi moja askari waliingia kufanya msako. Koplo aliiona picha niliyoichomeka ukutani, akaitazama nembo ya Kirusi, nyundo na mundu, kifuani mwa yule mwanamke.

"Mzee, hii umetoa wapi?"

"Ni garatasi ya chai tu, afande. Wallahi," Aabo akajibu kwa lafudhi yetu.

"Chai ya Warusi? Hao wanaowapa shifta bunduki?"

Wakamkalisha Aabo chini, mikono kichwani. Wanaume wawili wa kijiji chetu walikuwa wameondolewa hivyo hivyo na hatukuwaona tena. Mimi ndiye niliyeibandika picha ile. Kwa hofu maneno ya Kiswahili yalinipotea, basi nikaivuta nguzo, nikaiweka juu ya mawe mbele ya bunduki zao, nikapanda. Nikatembea. Nikageuka kwa mguu mmoja, nikaanguka, nikapanda tena huku nalia.

"Huyu mtoto ana nini?" koplo akauliza.

"Anaiga mchezo wa huyo mama, afande." Mwalimu Nzioka alikuwa amefika mbio, shati halijafungwa vifungo. "Mimi ndiye niliyemsomea. Kama ni kosa, nichukueni mimi."

Koplo alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi na goti langu lililochubuka. Akaikunja picha, akaitia mfukoni, akamwambia Aabo asimame. Nilimshika baba yangu kanzu, sikuiachia hadi adhuhuri.

Leo wajukuu wangu huwatazama wanajimnastiki kwenye simu, hapa hapa Garissa, na hakuna anayewauliza bendera ni ya nani. Huwa nakaa nao, magoti yakiniuma, nikimtafuta Mrusi wangu katika nyuso zile ngeni. Shuleni kwao kuna ubao halisi, na mwalimu hushika mkono wa mtoto anayeogopa. Nafurahi, na wivu kidogo ninao.

Lakini jioni ya siku ile ya msako, kabla ya kuwasha moto, Hooyo alitoka nje. Aliichukua nguzo ya nyumba yake, akailaza juu ya yale mawe mawili, akaibonyeza kwa mguu wake mwenyewe kuona kama imekaa sawa. Kisha akaniita.